Sura ya Mwisho na Bega la Daktari wa Meno

Mdogo wangu ni mwandishi wa hadithi. Nasema mapema kabisa, ili siku ukichukua suruali yako kwetu ukakuta ina vifungo viwili badala ya vinne, usije ukanikunjia uso mimi. Mimi nakata na kushona. Vifungo, pindo na matundu ni kazi yake, na kazi yake anaifanya huku kichwani mwake kuna mtu anapanda ngazi, au anafungua barua, au analia. Mpaka huyo mtu afike juu ya ngazi, kifungo chako kinasubiri.

Duka letu ni chumba kimoja chenye mlango wa bati. Ndani kuna cherehani mbili: ya marehemu baba, nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu, yenye droo mbili za mbao pembeni, na ya umeme, niliyoinunua mwenyewe. Katikati kuna meza ya kukatia. Ukutani nimepigilia misumari, na kwenye kila msumari zinaning'inia karatasi za kaki. Kila mteja wa kudumu ana karatasi zake, nimezikata kwa umbo lake: mgongo, kifua, mikono, kola. Juu ya msumari nimeandika kazi ya mtu kwa chaki, kwa sababu majina nayasahau ila viuno sisahau hata siku moja. Kinyozi. Mwalimu mkuu. Muuguzi. Daktari wa meno. Mtu akinenepa namkatia upya, na karatasi zake za zamani nazitupia kwenye kapu chini ya meza.

Sasa huyu mheshimiwa wangu anaandikia humo humo kwenye kapu. Madaftari nimemnunulia, tena yenye jalada gumu, akasema mistari inambana. Anataka karatasi ya kaki, penseli laini na nafasi. Basi anaandika nyuma ya miili ya watu. Sura ya kwanza ya hadithi yake ya mwisho iko nyuma ya mgongo wa mwalimu mkuu, ule wa kabla hajaota kitambi. Sura ya tatu inaanzia mguu wa kulia wa kinyozi na kuishia mguu wa kushoto. Muuguzi alipoambiwa kwamba mapenzi yote ya sura ya tano yameandikwa nyuma ya makalio yake, alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, halafu akauliza kama yalienea.

Alisomeshwa vizuri, usidhani. Alifika chuo, akatoka na cheti, akawa karani wa ghala. Ghala likafungwa, akaja kwangu kunisaidia "kwa wiki mbili tu, dada, nikitafuta kitu." Wiki mbili hizo sasa zina miaka kumi na moja. Nikimkumbusha, anasema bado anatafuta. Mke wake, wifi yangu, amenyoosha mikono zamani. Ananiambia, "Wewe vumilia mchana, mimi nitavumilia jioni."

Jambo moja lazima ulijue kuhusu mdogo wangu, la sivyo hutaelewa yaliyotokea: mdomo wake hausemi. Kuongea anaongea, tena akianza kuhusu hadithi humzimi. Ila jambo la moyoni halitoki kwa mdomo. Akiwa mtoto alivunja sahani ya mama, akaandika "Ni mimi" kwenye kipande cha karatasi na kukiweka chini ya vipande. Alipotaka kuoa aliniandikia kurasa nne, akanipa mkononi, akakaa pale pale mbele yangu akiangalia dari mpaka nikamaliza kusoma. Nikamuuliza, "Sasa si ungesema tu?" Akasema, "Si ndiyo nimesema, dada."

Hadithi zake hauzi. Anapeleka sura kwenye duka la kutoa kopi, anatoa nakala arobaini, anazikunja mara nne, na kila nguo inayotoka kwetu anaitia sura mfukoni. Umekuja kuchukua suruali, umekwenda zako, jioni unatia mkono mfukoni unakuta watu wanagombana. Ndivyo alivyoanza, na mwanzoni wateja walirudisha. "Dada fundi, kuna karatasi zenu humu." Baada ya mwezi hawakurudisha tena. Baada ya miezi mitatu wakaanza kuleta nguo zisizo na kasoro. Tulipofika hadithi ya nne, kinyozi wa mlango wa pili alileta shati lililokatika vifungo vitatu, na nyuzi zote zimekatwa sawasawa kabisa, kwa mkasi. Nikamtazama. Akatazama dari. Nikamwambia, "Jirani, vifungo havijinyoi." Akasema yeye anataka tu kujua kama yule dada wa mikate atapona.

Nitamfikia huyo dada wa mikate.

Kwanza niseme kwamba si kweli kwamba hakupata mtu wa kumchapishia. Kampuni moja ya vitabu iliwahi kuletewa hadithi yake na mteja wetu mmoja, wakamwandikia barua nzuri ya kumsifu. Walitaka kitu kimoja tu: dada wa kwenye hadithi apunguzwe umri, awe na sura ya kuvutia, na mwishoni aolewe. Mdogo wangu akakataa. Nilipigwa na butwaa. Nikamwambia, "Watu wanataka kunipa ujana, uzuri na mume, wewe unakataa? Kwa niaba ya nani?" Akasema, "Siyo wewe, dada. Ni mtu wa kwenye hadithi." Ngoja hapo.

Ana falsafa zake. Anasema hadithi iliyofungiwa kwenye droo ni sawa na koti ambalo halijawahi kuvaliwa: fundi anaweza kulisifia atakavyo, hajui kama linakaa. Lazima limpate mtu, ageuke, anyanyue mikono, ndipo utaona panapobana. Ndiyo maana hukai naye dukani ukasoma kwa amani. Mteja akifungua karatasi palepale, mwandishi anachukua kifungo na kujifanya anakishona. Kifungo kimoja, nusu saa. Jicho moja kwenye sindano, jingine kwenye uso wa mtu. Mtu akicheka mahali ambapo yeye hakukusudia kicheko, anaandika kitu kwenye kiganja. Mtu akipiga miayo, siku hiyo hali chakula cha mchana. Aliwahi kumfuata mwalimu mkuu mpaka barabarani kumuuliza kwa nini aliruka ukurasa. Mwalimu mkuu akasema upepo uliuruka, siyo yeye.

Mimi sikuwa nasoma. Nilikuwa nasema, "Mimi ni msomaji wa vipimo tu." Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Nikisoma na isinipendeze, nitasema, mimi mdomo wangu unajulikana. Na nikisema, atakosa kula wiki nzima na matundu ya vifungo nitatoboa mimi. Kwa hiyo nilikuwa nasikia hadithi zake kama mtaa wote unavyozisikia, kutoka kwa kinyozi, anayewasomea wateja wake kwa sauti huku amewashika kichwa. Ukuta wetu ni mwembamba.

Basi hii ya mikate ilikuwa ya nne. Alianza mwaka jana, ghafla, akawa haambiliki. Ni hadithi ya kaka na dada wenye duka la mikate waliloachiwa na baba yao. Dada ndiye mwoka mikate. Ana mdomo mkali, anawasema wateja mpaka wanaomba radhi kwa kununua, anavaa kalamu nyuma ya sikio, na anaita kila mtu kwa kazi yake. Kaka anakaa pembeni akifunga mikate kwenye karatasi.

Mimi navaa chaki nyuma ya sikio.

Nilisikia sura ya pili kupitia ukutani nikaacha kukanyaga cherehani. Upande wa pili wanyolewaji wanavunjika mbavu. Nikatoka mpaka nje nikasimama mlangoni kwa kinyozi, mikono kiunoni. Kicheko kikakatika. Kinyozi akasema, "Dada fundi, siyo wewe. Huyu anaoka mikate." Na yule mtu aliyekuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa, akasema taratibu, "Tena wewe una afadhali."

Nilipomkalia kooni mwandishi, akajitia hamnazo. "Dada, mimi nimetia chumvi tu." Chumvi! Maneno yangu yalikuwa humo yote, mpaka lile nililomwambia mkaguzi wa afya. Nikamwambia, "Umenivua nguo mbele ya mtaa mzima, na kazi yangu ni kuvisha watu." Akaandika na hilo kwenye kiganja.

Nitakuwa mkweli. Baada ya muda nilianza kulipenda jambo hilo kidogo. Wateja walikuwa wananiangalia kwa jicho jingine. Walikuwa wananichokoza makusudi ili niwaseme, halafu wanatazamana. Muuguzi alimleta dada yake anione. Ikafika sura ya tisa, yule dada wa mikate akaanza kukohoa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watu walianza kunihurumia. Muuguzi alikuja na dawa ya kifua, akaniambia ninywe vijiko viwili asubuhi. Nikamwambia sikohoi. Akasema, "Ndivyo alivyosema na yeye." Mwalimu mkuu alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kusema nimekuwa mtu muhimu sana katika mtaa huu, kwa sauti ile wanayotumia makaburini. Sura ya kumi, dada hawezi kusimama. Sura ya kumi na moja, amelala chumba cha nyuma, unga umeisha, kaka amekaa mlangoni na hajui hata tanuri linawashwaje. Hapo akakata. Imebaki sura moja.

Nilimuuliza waziwazi, sindano mdomoni, "Unaniua?"

"Siyo wewe, dada."

"Huyo mwoka mikate. Anakufa?"

"Hadithi inajua yenyewe inakokwenda."

"Hadithi haijui hata njia ya sokoni! Wewe ndiye unayeshika penseli. Nakuuliza, anakufa au hafi?"

Akainamisha kichwa akafunga uzi. Nilimjua. Akishindwa kusema kitu ni kwamba kipo.

Nikwambie kilichokuwa kinaniuma, kwa sababu kifo chenyewe hakikuwa na neno, kila mtu atakufa na mimi nitakufa nina nguo za watu mezani. Kilichoniuma ni hiki: basi hivyo ndivyo anavyoniona? Miaka yote hii nimekaa kwenye kile kiti, nimemlea, nimemsomesha, na akitafuta cha kufanya na mimi mwishoni mwa hadithi, anachoona ni kunilaza nikohoe nife ili kaka mtu apate kulia vizuri? Sikulala vizuri kwa hilo. Niliwaza mambo ya zamani ambayo nilikuwa nimeyafungia mahali.

Wiki hiyo hiyo daktari wa meno alikuja kuagiza koti jipya. Kapungua, mtu wa watu, ikabidi nimkatie karatasi upya. Daktari huyu ana bega moja lililoshuka, la kushoto, kwa miaka mingi ya kuinamia midomo ya watu. Kwa hiyo mgongo wake haukunjwi katikati ukakatwa mara moja kama wa watu wengine. Unakatwa kila upande na mzingo wake, na pale unaposhonewa mkono wa kushoto lazima uchimbe ndani zaidi.

Nikatafuta karatasi ya kaki. Roli lilikuwa limeisha. Kwenye kona, nyuma ya cherehani ya baba, kulikuwa na karatasi moja kubwa, nzima, imeviringishwa na kufungwa kwa uzi. Mwandishi alikuwa ametoka kupeleka nguo kwa mteja.

Je, nilijua? Ukiniapisha, nitasema nusu nilijua. Karatasi nzima haikai pale bila sababu. Niliifungua, nikaona upande wa ndani mwandiko wa penseli kutoka juu hadi chini, mdogo mdogo, umebanana. Nikaigeuza kifudifudi kabla sijasoma hata neno. Nikaweka tepu, nikachora kwa chaki, nikachukua mkasi mkubwa. Nikasema kwa sauti, na duka lilikuwa tupu, "Na wewe ukatwe, tuone."

Nilikata mgongo. Nikachimba lile bega. Nikakata kifua, mikono, kola. Vijipande nikavikunja nikavitia kwenye pasi ya mkaa, kama ninavyofanya siku zote kuwashia moto. Nikapiga pasi sketi mbili kwa moto huo.

Alirudi akanikuta nimetandika karatasi juu ya kitambaa na kuzipigilia pini. Akatazama kwenye kona. Akatazama meza. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele, nina majibu yangu saba yamekaa mstari. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akaweka mikono kati ya magoti, akasema, "Sikuwa nimetoa kopi."

"Hukunakili popote?"

"Hapana."

"Basi utaandika tena. Si iko kichwani?"

Akatikisa kichwa. "Ile niliiandika mara moja tu, dada. Sidhani kama nitaweza tena."

Nilikuwa sijawahi kumwona vile tangu tulipomzika baba. Yale majibu yangu saba yakayeyuka yote. Nikamwambia akanywe chai kwa kinyozi, akaenda bila kubisha, jambo ambalo lilinitisha zaidi.

Alipotoka nikafunga mlango wa bati nusu. Nikazibandua zile karatasi kwenye kitambaa, nikazigeuza, nikazipanga mezani zinavyopaswa kukaa, mgongo katikati, kifua pembeni, mikono huku na huku, nikazishika kwa pini. Daktari wa meno mzima mzima kalala juu ya meza yangu, na mwandiko juu yake. Nikavaa miwani. Nikasoma, mimi msomaji wa vipimo.

Dada wa mikate hafi.

Kaka anatafuta kiberiti cha kuwashia tanuri. Anafungua kopo la unga lililo tupu, na chini yake anakuta barua ya zamani iliyokunjwa, yenye mhuri. Ni barua ya kumwita dada yake chuo cha ualimu. Tarehe yake ni wiki tatu baada ya baba yao kufa. Kaka alikuwa na miaka kumi na tatu wakati huo, na anakumbuka siku ambayo dada yake aliingia jikoni na kusema, "Sikuchaguliwa. Basi nitashika kazi ya baba, na wewe utasoma."

Nilikaa chini.

Mimi nilisema maneno hayo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilisimama mlangoni, nikasema sikuchaguliwa, mama akalia, mdogo wangu akaniangalia. Barua niliikunja nikaitia kwenye droo ya chini ya cherehani ya baba, chini ya karatasi iliyotandikwa, chini ya bobini zote za uzi. Mama alikufa hajui. Hakuna binadamu niliyemwambia, kwa sababu ningemwambia mmoja mtoto angejua, na angejua asingekubali kwenda shule, nilivyomjua. Miaka thelathini nimefungua ile droo kila siku nikichukua bobini, na barua iko pale.

Nikaendelea kusoma kwa shida, miwani imeingia maji. Kwenye hadithi, kaka anaingia chumba cha nyuma na barua mkononi. Dada anaiona. Anaketi. Kikohozi kinakoma hapo hapo, mwandishi amejisahau kabisa na kikohozi. Dada anavaa viatu, anafunga kitambaa kichwani, anachukua barua, anapita dukani na kutoka nje. Kaka anamfuata mpaka mlangoni. Nyuma yake tanuri ni baridi. Kaka anamwita, dada anageuka, na kaka anasema

Pale kuna bega la daktari wa meno.

Nilipapasa kwa kidole ule mzingo nilioukata vizuri mno, kazi ya fundi mzoefu. Baada ya bega yalibaki maneno machache tu: "na dada akacheka, akaenda zake." Nikafungua pasi. Majivu. Niliyapekua kwa sindano kama mwendawazimu.

Alikuja akanikuta hivyo, vidole vyeusi mpaka kwenye viwiko. Akaona meza. Akasimama mlangoni.

Nikamuuliza, "Uliipata lini?"

"Mwaka jana. Nilikuwa natafuta penseli."

"Mwaka mzima umenyamaza?"

"Sikunyamaza, dada. Nimeandika sura kumi na mbili."

Ningeweza kumpiga na tepu. Nikaelekeza kidole kwenye bega. "Alisema nini hapa?"

"Nani?"

"Usinichezee. Huyo kaka mtu. Dada anageuka, kaka anasema nini?"

"Nitakuandikia."

"Hapana. Karatasi imeisha, roli limeisha, umeona mwenyewe. Penseli weka chini. Leo utasema kwa mdomo kama watu."

Kusema kweli nilimwonea. Akashika kingo za meza. Akatazama dari, nikamwambia, "Dari naijua, nitazame mimi." Kwa kinyozi walikuwa wameacha hata kuongea, ukuta ule. Mwishowe akanitazama, uso umemwiva, mtu mzima wa miaka arobaini na tatu.

"Dada," akasema, "kumbe ulifaulu."

Nikageuka nikatazama cherehani ya baba.

"Ni hilo tu lililoandikwa. Miaka yote niliamini ulifeli, dada. Nilikuwa nakuonea huruma. Shuleni wakiniuliza dada yako anafanya nini, nilikuwa nasema anashona, kwa sababu hakufaulu. Nilisema hivyo kwa watu wengi. Kwa mke wangu nilisema hivyo. Na wewe umekaa hapo."

Nililia, kwa nini nifiche. Nililia na vile vidole vyangu vyeusi, nikajipaka masizi uso mzima. Na unajua neno la kwanza lililonitoka ni lipi, baada ya miaka thelathini? Siyo la hekima. Nilisema, "Niliongoza. Kwa taarifa yako. Wilaya nzima niliongoza mimi."

"Najua," akasema. "Imeandikwa kwenye barua."

"Basi waambie hao uliowaambia."

Akacheka na machozi yakamtoka, nami nikacheka, halafu ukuta ukapenga kamasi kwa sauti kubwa. Nikapiga ngumi ukutani. "Jirani! Nyoa watu!"

Ile sura ilitoka wiki iliyofuata. Alitaka kuirudishia lile neno, tayari analikumbuka, kalitoa mwenyewe kinywani. Nikamkatalia. Nilimwambia mengine yote gawa, wewe ndivyo ulivyo, na mimi sijali tena nikichekwa. Hilo moja libaki kwangu. Hilo nilivishwa mimi, halihitaji kujaribiwa na mtu mwingine. Alifikiri sana, akauliza kama kisanaa inafaa, nikamwambia atoboe matundu. Basi zilitoka nakala arobaini zenye pengo lenye umbo la bega, ameliacha wazi kabisa, na watu wakadhani ni ufundi mkubwa. Mwalimu mkuu alisema ni ufundi mkubwa.

Kisha wakaanza kujijazia. Walileta nakala zao ili niwape jibu sahihi, kama mtihani. Muuguzi alikuwa ameandika, "Umekunywa dawa?" Mwalimu mkuu aliandika mistari kumi na miwili na ikabidi aendelee pembeni. Kinyozi, ambaye alisikia kila kitu kwa masikio yake mawili, alikuja na nakala iliyojazwa, "Sasa nani atakanda unga kesho?" akaniwekea mkononi, akanikonyeza na kuondoka. Tangu siku hiyo simtozi vifungo, hata akivikata mwenyewe. Nawe nimekwambia kwa sababu hukuwahi kupata nakala, na huna mahali pa kujaza.

Usidhani nimevaa viatu nikatoka kama yule wa mikate. Nina nguo za watu, na umri huu chuo gani kitanipokea, labda kunionyesha kwa wanafunzi. Nipo. Mheshimiwa naye yupo, ameanza ya tano, na sijui ni ya nani safari hii, ila nimeona daktari wa meno akija anatembea kwa uangalifu sana.

Ila kuna asubuhi moja nilifungua duka nikakuta ukutani msumari mpya, umepigiliwa kando ya ule wa mwalimu mkuu, umepinda kidogo, kwa sababu yeye nyundo pia hajui. Hauna karatasi ya kaki. Ameitundika ile barua, imenyooshwa kwa pasi, na juu yake ameandika kwa chaki yangu: Mwalimu. Wateja wageni huwa wanauliza huyo mwalimu wa pili ni nani, mbona hana hata kipimo kimoja pale ukutani.

Nawaambia alishapimwa zamani, na alitosha kabisa.